Kukohoa, Kisha Kuzirai: Uchambuzi wa Kisa cha Sikio na Neva Zinazojiendesha

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini hakuna dalili ndani yake ambayo wahudumu wa masikio hawajawahi kuiona. Nimekichagua kwa sababu mtu anayeanguka wakati sikio lake linasafishwa huandikiwa haraka kwamba aliogopa au kwamba alipata kizunguzungu, na maelezo yote mawili yanaweza kuwa si sahihi. Jibu la kweli limo katika tawi moja dogo la neva linalopita ndani ya mfupa nyuma ya sikio, na ishara yake huwa imekwisha kutolewa kabla ya mgonjwa kuanguka.

Tukio lenyewe

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 29, asiye na maradhi ya kudumu wala dawa anayotumia, aliyelalamika kwamba sikio lake la kulia limeziba na kwamba sauti zinamfikia kana kwamba zinatoka mbali. Uchunguzi ulionyesha nta ngumu iliyojaa sehemu ya ndani ya mfereji wa sikio na kushikamana na ukuta wa nyuma na wa chini. Kabla ya kazi kuanza mapigo yake ya moyo yalikuwa 74 kwa dakika na shinikizo la damu 118 kwa 72, naye alizungumza kwa utulivu. Aliketi wima kitini, na nta ikaanza kuondolewa kwa mrija mwembamba wa kufyonza, mhudumu akitazama kwa hadubini.

Ncha ya mrija ilipogusa ukuta wa nyuma, karibu na kiwambo cha sikio, mgonjwa alikohoa kikohozi kikavu mara tatu mfululizo. Mhudumu alisimama, akamuuliza kama ana mafua, akajibiwa kuwa hana, kazi ikaendelea mahali palepale. Muda mfupi baadaye mgonjwa alisema anasikia joto na kichefuchefu, na kwamba mwanga unafifia kutoka pembeni mwa macho. Uso ulipauka, jasho likamtoka kwenye paji, kichwa kikalegea, naye akaacha kuitika. Mapigo yaliyopimwa kwenye kifundo cha mkono yalikuwa 36 kwa dakika, na shinikizo la damu la kwanza lililopatikana lilikuwa 76 kwa 40. Mikono ilitikisika kidogo mara mbili au tatu. Alilazwa chali, miguu ikainuliwa, na katika muda usiozidi nusu dakika alifumbua macho, akajua alipo na kumtambua aliyekuwa mbele yake. Baada ya dakika chache mapigo yalirudi 66, na kipimo cha umeme wa moyo kilichofuata hakikuonyesha kasoro.

Baadaye, alipoulizwa kwa utaratibu zaidi, alieleza kwamba tangu utotoni hukohoa kila anapoingiza kitu katika sikio la kulia, na kwamba kwa sababu hiyo amezoea kuliepuka sikio hilo anapojisafisha.

Maelezo yasiyotosha

La kwanza kuondolewa ni kifafa. Mitikisiko midogo ya mikono humshtua anayetazama, lakini ubongo uliokosa damu kwa sekunde chache unaweza kuitoa bila kifafa kuwepo. Mgonjwa huyu alipauka kabla ya kupoteza fahamu, mapigo yalishuka, hakuuma ulimi, na aliporudiwa na fahamu hakuwa na ule mkanganyiko unaoweza kudumu dakika nyingi baada ya degedege. Ugonjwa wa moyo wenyewe haukupata ushahidi: hakuwahi kuzirai akiwa kazini au mazoezini, hakuna aliyekufa ghafla katika ukoo wake, na kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa cha kawaida.

Maelezo yanayostahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi ni yale ya sikio la ndani, kwa kuwa kazi ilikuwa ikifanyika milimita chache kutoka kwenye kiungo cha mizani. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5, theluthi yake ya nje ikiwa ya gegedu na sehemu iliyobaki ikiwa ya mfupa. Nyuma ya kiwambo iko nafasi ya sikio la kati yenye vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, na kwenye ukuta wake wa ndani huchomoza mfereji nusuduara wa pembeni, mmoja wa ile mitatu inayopima mizunguko ya kichwa. Mfereji huo ndio ulio karibu zaidi na joto au baridi ya nje. Baridi inapopenya mfupa, majimaji yaliyomo huwa mazito upande mmoja na kuanza kusogea, na ubongo hupokea habari kwamba kichwa kinazunguka ilhali kimetulia. Robert Bárány, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, aliligundua jambo hili kwa kuwatazama wagonjwa waliopata kizunguzungu walipooshwa masikio kwa maji yasiyolingana na joto la mwili. Kipimo kilichotokana na kazi yake hutumia maji ya nyuzi 30 na nyuzi 44, yaani saba chini na saba juu ya joto la mwili. Mrija wa kufyonza nao hupoza ngozi, kwa sababu hewa inayopita kwa kasi huondoa unyevu na joto, na hivyo si jambo la ajabu mgonjwa wa kufyonzwa nta kulalamika kuwa chumba kinazunguka.

Lakini chumba cha mgonjwa huyu hakikuzunguka. Alisema mwanga unafifia, na mwanga unaofifia ni malalamiko ya retina na ubongo vilivyopungukiwa damu. Macho yake hayakuwa na mchezo wa kwenda na kurudi unaoambatana na kizunguzungu cha sikio la ndani, na alipofumbua macho aliweza kuyakaza mahali pamoja bila taabu. Kichefuchefu na jasho havitenganishi hali hizi mbili, kwa kuwa viini vya mizani katika shina la ubongo vina mawasiliano na vile vya neva zinazojiendesha, yaani zinazoongoza moyo, mishipa ya damu na tezi bila mtu kukusudia, na mtu mwenye kizunguzungu kikali hupauka na kutoka jasho vilevile. Kinachotenganisha ni fahamu na mapigo: kizunguzungu peke yake si kawaida yake kumwondolea mtu fahamu, wala kuushusha moyo hadi mapigo 36.

Hofu na maumivu ni mpinzani mgumu zaidi. Mtu anayezirai akiona sindano hupita katika hatua zilezile za joto, kupauka, jasho, mapigo kushuka na kuanguka, na ni Thomas Lewis aliyeipa hali hiyo, mwaka 1932, jina linalounganisha mishipa ya damu na neva ya vagasi, ile ya fuvu inayoupunguza kasi moyo. Njia ya kutokea ubongoni ni moja, na tofauti iko katika njia ya kuingilia. Hofu huanzia sehemu za juu za ubongo na kushuka, ilhali katika kisa hiki naamini habari iliingia kutoka kwenye ngozi ya sikio moja kwa moja hadi shina la ubongo. Kinachonipa imani hiyo ni kikohozi.

Njia ya neva

Ngozi ya sikio la nje haihudumiwi na neva moja. Ukuta wa mbele na wa juu wa mfereji hupata hisia kupitia neva ya sikio na panja, ambayo ni tawi la neva ya tano ya fuvu. Sehemu kubwa ya ndewe na ngozi ya nyuma ya sikio huhudumiwa na neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo wa shingo. Neva ya saba hugusa eneo dogo la bakuli la sikio. Upande wa ndani wa kiwambo ni milki ya neva ya tisa. Ukuta wa nyuma na wa chini wa mfereji, pamoja na sehemu ya uso wa nje wa kiwambo, hupokea tawi la neva ya kumi, yaani vagasi, neva ileile inayoshuka shingoni hadi kwenye koo la sauti, mapafu, moyo na sehemu kubwa ya utumbo.

Tawi hilo la sikio huitwa pia neva ya Arnold, kwa heshima ya Friedrich Arnold, mwanaanatomia Mjerumani wa karne ya 19. Safari yake ni fupi lakini imefichika. Huanza kwenye fundo la juu la vagasi, mara tu neva hiyo inapotoka kwenye fuvu, hupokea uzi mwembamba kutoka neva ya tisa, kisha huingia katika kijitundu kilichomo kwenye ukuta wa shimo la mshipa wa jugula. Ndani ya mfupa wa panja hupita karibu na mfereji wa neva ya uso na kubadilishana nayo nyuzi chache, halafu hutokea kwenye ufa ulioko kati ya mfupa wa mastoidi na ule unaozunguka mfereji wa sikio, na hapo ndipo huifikia ngozi. Ukilinganisha njia hii na mahali mrija ulipogusa, yaani ukuta wa nyuma karibu na kiwambo, utaona kwamba hapakuwa na sehemu nyingine ya sikio la nje ambapo mguso ungeiamsha vagasi kwa uhakika zaidi.

Habari ikishaingia kwenye shina la ubongo, nyingi huishia kwenye kiini cha neva ya tano kinachopokea hisia za ngozi ya uso, na ndiyo maana mtu huhisi tu kwamba sikio limeguswa. Sehemu nyingine hufika kwenye kiini cha njia pweke, na kiini hicho ndicho kituo kikuu ambapo habari kutoka koo la sauti, mapafu na vipimashinikizo vya mishipa mikubwa hupokelewa. Kwa watu wachache mguso wa sikio hutosha kuamsha mzunguko wa kikohozi, kana kwamba kitu kimegusa njia ya hewa. Refleksi hii hupatikana kwa watu wachache tu katika kila mia, mara nyingi kwa sikio moja, na huonekana zaidi kwa wagonjwa wenye kikohozi sugu kisicho na sababu nyingine. Wamekwisha kuonekana wagonjwa waliokohoa kwa miezi, wakapigwa picha za kifua na kupewa dawa za aina nyingi, kumbe unywele ulikuwa umelalia kiwambo cha sikio, na ulipoondolewa kikohozi kikaisha.

Njia hiyohiyo hufanya kazi pia kwa upande wa pili, na hapa napenda kusimama kidogo kwa sababu maisha ya watu yamo ndani yake. Maradhi ya koo la sauti au ya sehemu ya chini ya koo, ikiwemo saratani, yanaweza kujitokeza kama maumivu ya sikio ambalo halina kasoro yoyote likichunguzwa. Mtu mzima anayeumwa sikio moja kwa muda mrefu, na sikio hilo likaonekana zima kabisa, anapaswa kuchunguzwa koo kabla ya kurudishwa nyumbani na matone ya masikio.

Neva nyingine zinazojiendesha zilizomo sikioni hazikuhusika hapa, ingawa zimeizunguka sehemu iliyoguswa. Uzi wa kiwambo, unaobeba ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi na amri za parasimpathetiki (tawi la neva zinazojiendesha linalopunguza kasi ya moyo na kuamsha mate) kwa tezi mate za chini ya taya na chini ya ulimi, hupita ndani ya sikio la kati kati ya nyundo na fuawe. Mtandao wa neva ya tisa ulioko juu ya ukuta wa ndani wa sikio la kati hupeleka amri zake hadi tezi mate kubwa iliyo mbele ya sikio, na nyuzi za simpathetiki (tawi la pili, linaloharakisha moyo na kubana mishipa) huingia zikifuata ateri ya karotidi. Kiwambo kilikuwa kizima, mrija haukukipita, na mgonjwa hakupata mabadiliko ya ladha wala mate.

Upande wa moyo

John Newport Langley, aliyeupa mfumo wa neva zinazojiendesha jina lake mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye kuitenganisha parasimpathetiki na simpathetiki, aliacha mchoro ambao bado tunautumia. Simpathetiki hutoka kwenye uti wa mgongo wa kifua na sehemu ya juu ya kiuno. Parasimpathetiki hutoka kwenye neva za fuvu za tatu, saba, tisa na kumi, na kwenye sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Moyo hupata amri kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kituo chake cha mapigo, kikiachwa peke yake bila neva, hupiga karibu mara 100 kwa dakika; kwamba moyo wa mtu aliyepumzika hupiga mara 60 au 70 ni ushahidi kuwa vagasi inaushikilia saa zote, kama mpanda farasi anayeshika hatamu hata farasi anapotembea polepole. Mgonjwa wetu hakuhitaji neva mpya kuamshwa. Ilitosha mshiko uliokuwapo ukazwe.

Kukazwa huko hufanyika kwa kemikali. Otto Loewi alionyesha mwaka 1921, kwa mioyo ya vyura, kwamba majimaji kutoka kwenye moyo ambao vagasi yake imesisimuliwa huweza kuupunguza kasi moyo wa pili usioguswa kabisa. Kemikali hiyo ni asetilikolini. Amri hutoka hasa kwenye kiini cha shina la ubongo kiitwacho ambigua, hushuka na vagasi hadi kwenye mafundo madogo yaliyomo katika mafuta yanayouzunguka moyo, na neva fupi zinazotoka hapo humwaga asetilikolini kwenye kituo cha mapigo. Milango ya potasiamu hufunguka, seli huchelewa kufikia kiwango cha kupiga, na athari hiyo huonekana ndani ya pigo moja au mawili. Kasi hiyo ni sifa ya vagasi, kwa kuwa simpathetiki huhitaji sekunde kadhaa kuubadilisha moyo.

Ipo shauku ya kusema kwamba, kwa kuwa vagasi ya kulia ndiyo yenye nguvu zaidi juu ya kituo cha mapigo, na sikio lililoguswa lilikuwa la kulia, basi hesabu imekamilika. Siikubali hoja hiyo. Habari ikifika kwenye shina la ubongo huchanganywa, na amri hutoka kwa pande zote mbili. Sikio la kushoto lingeweza kuleta matokeo yaleyale.

Mapigo 36 peke yake pia hayaelezi shinikizo la 76 kwa 40. Sehemu ya pili ya tukio ni simpathetiki kunyamaza. Kwa kawaida shinikizo likianza kushuka, vipimashinikizo vya shingoni na kwenye aota hutoa taarifa, mishipa ya damu hubana na moyo huongeza kasi. Katika kuzirai kwa aina hii mpangilio huo hugeuka: amri ya kubana mishipa huondolewa, mishipa ya misuli hutanuka, na damu hubaki miguuni na tumboni. Mtu aliyeketi wima yuko katika hali mbaya zaidi kuliko aliyelala, kwa kuwa damu inalazimika kupanda kuufikia ubongo, na ubongo ukikosa damu kabisa hupoteza fahamu katika muda wa sekunde zisizofika kumi. Jasho na mpauko huonekana kupingana na maelezo haya, kwa sababu ni kazi ya simpathetiki. Maelezo yake ni kwamba simpathetiki haiamrishwi yote kwa pamoja. Amri ya tezi za jasho inaweza kuendelea huku ile ya mishipa ya misuli ikiwa imekatwa, na neva za jasho ni za simpathetiki ingawa kemikali zinayotumia ni asetilikolini. Kumlaza mgonjwa na kuinua miguu yake kulitibu tatizo la kimaumbile moja kwa moja, na ndiyo sababu hakuhitaji dawa.

Kilichobadilishwa

Kikohozi ndicho kilichopaswa kubadilisha mwenendo wa kazi ile. Kilitokea mguso ulipofika eneo la vagasi, kikatokea tena na tena, na mgonjwa hakuwa na mafua. Swali la mafua lilikuwa sahihi, lakini baada ya kujibiwa hapana, mhudumu alihitaji kumlaza mgonjwa, kumshika mapigo, na kuuacha ukuta wa nyuma hadi nta ilainike. Wengi wanaokohoa hawatazirai kamwe, na sisemi kwamba kila kikohozi ni dharura. Nasema kwamba swali la kama mgonjwa hukohoa anapogusa sikio lake lina thamani ileile ya swali la kama kiwambo chake kimewahi kutoboka, na linapaswa kuulizwa pamoja nalo.

Kwa mgonjwa huyu awamu ya pili ilipangwa baada ya siku kadhaa za matone ya kulainisha nta. Alishauriwa asije na njaa wala kiu, kwa kuwa upungufu wa maji mwilini hurahisisha kuzirai. Alilazwa huku kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo, kipimo cha mapigo kikawekwa kidoleni, na atropini, inayozuia asetilikolini isifanye kazi kwenye moyo, ikawa karibu ingawa haikutarajiwa kutumika. Alifundishwa kukaza misuli ya mapaja na kukunja ngumi mara tu anapohisi joto la awali, kwa sababu misuli inayokaza husukuma damu kurudi moyoni. Mrija ulianzia ukuta wa mbele, ambao ni wa neva ya tano, na nta iliyokuwa imelainika ilivutwa kutoka ukuta wa nyuma bila ncha kuigusa ngozi. Alikohoa mara moja; kazi ikasitishwa, mapigo yakasomwa 70, ikaendelea baada ya dakika moja hadi kiwambo kilipoonekana chote.

Katika faili lake iliandikwa kwamba ana refleksi ya kikohozi ya sikio la kulia na kwamba aliwahi kuzirai sikio hilo lilipofyonzwa akiwa ameketi, ili yeyote atakayeligusa siku nyingine amlaze kwanza.